Honda Pan-European ya 1994 inazima ikishapata moto kwenye njia ya Kaliua: je, chanzo ni mafuta, umeme au joto?

#1 Mwana wa Isevya

Wakuu, habari za leo. Nina pikipiki ya safari ndefu aina ya Honda ST1100, ambayo Ulaya ilijulikana kwa jina la Pan-European. Ni ya mwaka 1994 na iliingia nchini kupitia Dar es Salaam ikitokea Uingereza. Niliinunua mwaka jana ikiwa imetumika sana, na mita yake inasoma kilomita 71,000. Injini ina silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, cc 1084, gurudumu la nyuma linaendeshwa kwa shafti badala ya cheni, na tangi linabeba lita 28.

Ndani ya mji wa Tabora pikipiki hii haijawahi kunisumbua hata siku moja. Shida inaanza ninapoelekea Kigoma. Nikiwa nimeshapita Urambo na naikaribia Kaliua, mita ya safari ikisoma 80, mwendo ukiwa 65, jua nalo likiwa limekwisha kupanda, injini inazima. Stata inazungusha kwa nguvu na taa zote zinawaka, lakini injini haishiki. Nikikaa kivulini dakika 20 hadi 30, inawaka kama kwamba haikuwa na ugonjwa wowote. Imefanya hivyo mara tatu tangu mwezi wa tisa.

Nimekwisha kubadilisha plagi zote nne na kichujio cha hewa. Fundi wangu alizilaumu kabureta, akazishusha zote nne na kuzisafisha, nami nikamlipa. Mara ya tatu ilizima baada ya kazi hiyo. Kabla sijatoa fedha nyingine, naomba waliokutana na jambo hili wanieleze nianzie wapi.

#2 Fundi wa Gungu

Mkuu, anzia kwenye tangi. Lina mpira mwembamba wa kupumulia, na mpira huo ukiziba, mafuta yanatoka lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Mwisho pampu inavuta bila kupata kitu. Safari ijayo ikizima, kabla hujagusa chochote, fungua mfuniko wa tangi huku umetega sikio. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani kwa kishindo, kisha injini ikawaka papo hapo bila kusubiri, ugonjwa umeshaujua.

#3 Mstaafu wa Reli

Mimi nimefanya kazi ya umeme kwa miaka mingi, na kwa pikipiki ya mwaka huo siwezi kuanzia kwenye mafuta. ST1100 zilizotoka kabla ya 1996 zina altaneta ya ampea 28 iliyokaa ndani ya injini na kupozwa kwa oili; kuanzia 1996 Honda waliweka ya ampea 40, na hawakufanya hivyo kwa kujifurahisha. Ile ya zamani hutoa umeme wake kwa waya tatu za njano zinazopita kwenye soketi moja ya plastiki kabla ya kufika kwenye regulaita, kifaa kinachodhibiti umeme unaochaji betri. Soketi hiyo huungua. Vyuma vyake vikishika kutu kidogo, panajitokeza ukinzani, ukinzani unazaa joto, joto linaongeza kutu, na mzunguko huo unaendelea hadi plastiki inageuka rangi ya kahawia na kuyeyuka.

Chukua mita ya umeme, pima betri injini ikiwa imezimwa, kisha pima tena injini ikizunguka kwa kasi huku taa kubwa ikiwaka. Usipoona zaidi ya volti 13.5, usiende mbali, fuata hizo waya za njano.

#4 Dereva wa Uvinza

Ndugu mleta uzi, kuna jambo ambalo wenzangu wamelipita na linabadilisha hesabu zote. Unasema mita ya safari inasoma 80 unapoikaribia Kaliua. Njia hiyo naipita kila wiki, na kutoka Tabora hadi Kaliua ni zaidi ya kilomita 120. Pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya Uingereza husoma maili. Kwa hiyo 80 yako ni takribani kilomita 129, mwendo wako wa 65 ni kama kilomita 105 kwa saa, na ile 71,000 unayoiita kilomita ni takribani kilomita 114,000.

Nakusihi jambo moja lililo nje ya swali lako. Injini hiyo inatumia mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, haina cheni ya ndani. Kama huna karatasi inayoonyesha lini ulibadilishwa, uhesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, kwa sababu ukikatika safarini valvu zinaweza kugongana na pistoni, na hapo hutakuwa na pikipiki ya kuulizia tena. Na mwendo huo wa 105 usiingie nao vijijini, kwa sababu kibao kinasema 50.

#5 Mwana wa Isevya

Mzee wa Reli, shikamoo, na asanteni wote. Dereva, nimekwenda kuitazama mita kwa tochi na nimeona herufi ndogo za maili ambazo sikuwahi kuzijali. Maana yake hata oili nimekuwa nikiibadilisha kila baada ya kilomita 8,000 huku nikiamini ni 5,000. Mkanda sina karatasi yake, nitauagiza.

Kuhusu mfuniko wa tangi, sikuwahi kuufungua pale pale. Siku zote niliufungua baada ya kupumzika.

#6 Binti wa Ujiji

Kaka, usiisahau swichi ya stendi ya pembeni. Mimi naendesha Honda Deauville ya cc 647, nayo ni ya shafti kama yako, na kwa miezi miwili ilinizimia kati ya Kigoma na Kasulu bila mpangilio. Nilibadilisha betri na fundi akabadilisha koili, fedha zikaenda bure. Kumbe vumbi jekundu lilikuwa limeingia kwenye ile swichi ndogo inayozuia pikipiki isiende stendi ikiwa chini, likachanganyika na grisi ya zamani likawa kama udongo wa mfinyanzi. Nikipita kwenye matuta, swichi inadhani stendi imeshuka, inakata moto, yaani umeme wa cheche za plagi.

Niliifungua, nikaiosha kwa dawa ya kusafishia vyuma vya umeme, nikaiacha ikauka. Tangu hapo haijazima tena. Kazi yenyewe ilinichukua nusu saa na haikunigharimu hata bei ya plagi moja.

#7 Mwalimu wa Sayansi

Naomba tuipime hoja ya #2 kwa hesabu kabla ya kuipokea. Tuchukulie kwamba tangi lilijazwa na kubakiza nafasi ya hewa ya lita 2 tu, na kwamba pikipiki nzito kama hii, ikiwa katika mwendo uliotajwa, inakwenda kilomita 16 kwa lita moja. Kilomita 129 zitakuwa zimekula lita 8. Kama mpira wa kupumulia ungekuwa umeziba kabisa, hewa ile ya lita 2 ingelazimika kujaza nafasi ya lita 10, na shinikizo lake lingeshuka hadi sehemu ya tano ya lilivyokuwa mwanzoni. Hata tukijumlisha mvuke wa petroli wenyewe, pampu ingeshindwa mapema zaidi, pengine kabla hata ya kuiona Urambo. Tena tangi lililojaa ndilo lingeanza kusumbua mapema, kwa sababu nafasi yake ya hewa ni ndogo.

Mimi naliona joto lenyewe. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100; petroli nayo hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi kuliko pwani. Kwenye ST1100 kabureta zimekaa katikati ya ile V, juu ya injini yenyewe, na zimefunikwa na mwili wa plastiki. Jua la Oktoba likiongezewa joto la injini, mafuta yanaweza kutokota kwenye mipira kabla ya kufika yanakotakiwa. Ukipumzika dakika 20, yanapoa na kurudi kuwa kimiminika.

#8 Fundi wa Gungu

Mwalimu, hesabu yako naiheshimu, lakini imechukulia kwamba mpira umeziba kabisa. Sisi hatukutani na mpira uliozibwa kama chupa. Tunakutana na uliobanwa nusu, unaopitisha hewa kidogo kidogo. Mjini, ambako mafuta yanatumika polepole, hewa hiyo kidogo inatosha. Barabara ikinyooka na mkono ukikaza mafuta, haitoshi. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini inamzimia safarini tu.

Na nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Kuna nyigu hawa wanaojenga nyumba za udongo kwenye matundu. Pikipiki ikilala wiki mbili kibarazani, nyigu anauona ule mpira unaoning'inia chini kuwa tundu zuri la kulelea watoto. Nimetoa udongo wa nyigu kwenye mipira ya tangi mara nne, mbili kati ya hizo kwa pikipiki za kawaida za bodaboda. Joto la injini ulilolitaja lipo, ila pikipiki hizi zimezunguka nchi zenye joto kuliko Tabora bila kutokota mafuta, mradi feni inafanya kazi na rejeta ni safi.

#9 Mvuna Asali

Mbona hakuna aliyeuliza mafuta yanatoka wapi? Mimi nakwenda kwenye mizinga yangu upande wa Sikonge, na huko petroli ya kwenye madumu imenifundisha. Vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, ambavyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliagiza viwekwe kwenye mafuta tangu 2010 vililenga uchakachuaji, lakini haviwezi kuzuia maji ya mvua kuingia kwenye dumu lisilofungwa vizuri. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yanakaa chini, na chini ndiko pampu inakovuta. Kila bakuli la kabureta lina skrubu ya kumwagia mafuta. Kinga kwa chupa ya kioo inayoonyesha, iache itulie, utaona mstari kati ya maji na petroli kama yapo.

#10 Binti wa Ujiji

Mvuna Asali, wewe kila uzi unaupeleka porini kwenye mizinga yako. Ila ushauri wa chupa ya kioo ni wa kweli, hata mimi nimewahi kuyaona maji hayo. Ukija Kigoma, beba asali ya miombo, nasi tutakupa samaki wetu, migebuka, wa kurudi nao.

#11 Mvuna Asali

Dada, nitakuja nayo lita tano. Hata hivyo sijatoka nje ya mada: maji hayaponi kwa kupumzika kivulini, kwa hiyo nakiri kwamba hoja yangu haielezi zile dakika 20. Nilitaja ili aondoe shaka moja kwa bei ya bure.

#12 Mrejea Nyumbani

Nilifanya kazi kwenye gereji Uingereza kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi Tabora, na nina swali ambalo huenda likazidi yote yaliyoandikwa. Je, kwenye mwili wa pikipiki kuna matundu yaliyozibwa, au alama za vitu vilivyofungwa nyuma ya kiti na kuondolewa? Pan-European zilitumiwa sana na polisi wa Uingereza. Kabla ya kuuzwa, huvuliwa redio, ving'ora na taa za bluu, na anayevua huwa ana haraka. Anakata waya, anazungushia utepe, anauza. Miaka 20 baadaye gundi ya utepe imekauka, na waya mmoja wa moto unagusa fremu kila unapopata joto na kulegea.

Zingine ziliwekewa kengele ya wizi yenye kifaa cha kukata moto. Kifaa hicho kikizeeka, kinakata moto kwa hiari yake kikipata joto na kurudi kikipoa. Nimeshuhudia mteja akibadilisha karibu kila kitu kwenye mfumo wa moto kabla hatujakikuta kisanduku kidogo cheusi chini ya kiti ambacho hakikuwa kwenye mchoro wowote wa Honda.

#13 Mstaafu wa Reli

Hoja ya #12 ni nzito, na ningependa kuona picha ya chini ya kiti. Lakini tumekuwa tukibishana bila kumuuliza mgonjwa anaumwaje. Mwanangu, injini inapozima huku pikipiki bado inatembea na gia imo, sindano ya mzunguko wa injini inafanyaje? Ikidondoka kwenye sifuri ghafla wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, moto umekatika, na mafuta hayahusiki. Injini ikianza kukohoa, ikalegea, na ukivuta choki inapata nguvu kidogo, basi ni mafuta. Jibu hilo moja lina thamani kuliko kurasa zetu hizi zote.

#14 Mwana wa Isevya

Mzee, nimejitahidi kukumbuka kwa uaminifu. Mara ya kwanza na ya pili ilikohoa kwa kama kilomita moja kabla ya kuzima. Mara ya tatu, ile ya baada ya kusafishwa kabureta, ilikata ghafla kama mtu aliyezima swichi ya taa. Sindano sikuitazama kwa sababu kulikuwa na lori nyuma yangu.

Chini ya kiti kweli kuna waya nne zilizokatwa na kuzungushiwa utepe mweusi, na nyuma kuna matundu manne yaliyozibwa kwa mpira. Kisanduku cheusi sikukiona.

#15 Dereva wa Uvinza

Basi huenda una magonjwa mawili, na ndiyo maana kila mmoja wetu anaona dalili inayomfaa.

#16 Mwana wa Isevya

Wakuu, narudi na majibu ya wiki mbili. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.3. Injini ikizunguka kwa kasi na taa ikiwaka ilifika 13.1 tu. Niliifuata soketi ya waya za njano na kuikuta ya kahawia upande mmoja, na waya mmoja umekakamaa kama uliochomwa. Fundi ameikata soketi, tumeziunga waya kwa risasi moja moja na kuzifunika kwa mpira wa kusinyaa. Tulipima pia kati ya waya na waya mara tatu kama nilivyoelekezwa na Mzee kwa ujumbe, na vipimo vyote vitatu vililingana. Sasa betri inapata volti 14.1.

Mpira wa tangi nao haukuwa salama. Haukuwa na nyigu, lakini ulikuwa umekunjwa chini ya tangi na kubanwa na fremu, bila shaka na mtu aliyelirudisha tangi vibaya. Waya zilizokatwa tumezitenga moja moja na kuzifunga upya. Swichi ya stendi imeoshwa, dada wa Ujiji. Kwenye chupa ya kioo hapakuwa na maji.

Nilikwenda Urambo na kurudi, kilomita 180 hivi, bila kuzima. Nilishafurahi. Jumamosi iliyofuata nikavuka Kaliua, na kilomita chache mbele, saa saba mchana, ikakata ghafla. Sindano ilidondoka sifuri, nimeiona kwa macho yangu. Nilifungua mfuniko wa tangi pale pale: hapakuwa na sauti ya hewa. Betri ilisoma 12.7. Baada ya dakika 25 ikawaka.

#17 Fundi wa Gungu

Mpira uliobanwa ulikuwa ugonjwa wa kweli, na ndio uliokuwa ukikufanya ukohoe. Huu uliobaki ni mwingine.

#18 Mstaafu wa Reli

Nakubaliana na fundi, kwa mara ya kwanza katika uzi huu. Sindano ikidondoka, natazama koili ya palsa, ile inayokaa jirani na krankshafti na kukiambia kisanduku cha moto wakati wa kutoa cheche. Ndani yake ni waya mwembamba kuliko unywele. Ukipasuka, ncha zake hugusana injini ikiwa baridi, na huachana ikipata joto. Pima ukinzani wake ikiwa baridi, kisha ukaipime pale pale barabarani dakika ileile itakapozima. Kipimo kikipotea kabisa, umempata mwizi.

#19 Mrejea Nyumbani

Mzee, koili ya palsa inawezekana, lakini kisanduku cha moto chenyewe nacho hufanya hivyohivyo. Kadhalika swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani, ambayo imekula mvua za Uingereza kwa miongo mitatu. Ukiagiza koili kabla ya kupima, utarudia kosa la kabureta.

#20 Mwalimu wa Sayansi

Kuna njia ya kuzitenganisha bila kuagiza chochote. Funga taa ndogo ya wati 5 kwenye waya unaolisha koili za moto, na nyingine kwenye waya wa pampu ya mafuta, uziweke mahali unapoziona ukiwa umekaa. Injini ikikata na taa ya koili ikazima, umeme haufiki, hivyo tafuta swichi ya kuzimia, swichi ya stendi au zile waya za polisi. Taa ikibaki inawaka huku sindano imelala, umeme unafika ila hakuna anayeuamuru, na hapo Mzee wa Reli na Mrejea Nyumbani watabishana kati ya koili ya palsa na kisanduku. Taa ya pampu pekee yake ikizima, nitarudi kwenye rilei ya pampu, ile swichi ya umeme inayoiwasha. Zikiwaka zote mbili na cheche zipo kwenye plagi, nitairudisha hoja yangu ya mvuke, ambayo sijaiacha.

#21 Binti wa Ujiji

Mwalimu haiachi. Kaka, ukizifunga taa hizo, weka na fyuzi ndogo kwenye kila waya, usije ukaongeza ugonjwa wa nne.

#22 Mwana wa Isevya

Nimezifunga taa zote mbili leo jioni, zikiwa na fyuzi, na nimezibandika juu ya dashibodi. Koili ya palsa nimeipima ikiwa baridi na kuandika namba kwenye kipande cha karatasi kilichoko mfukoni. Mita ya umeme iko kwenye sanduku la pembeni pamoja na maji ya kunywa. Jumamosi naondoka Tabora saa nne asubuhi ili jua linikute Kaliua.

#23 Dereva wa Uvinza

Nitakuwa nikipita Kaliua siku hiyo na lori langu, nikitoka Uvinza na chumvi. Ukiona taa ipi imezima, iandike kwanza hapohapo kabla hujagusa swichi yoyote, kisha unisubiri kivulini. Nina kamba, mbao mbili za kupandishia na vijana wawili, hata kama pikipiki hiyo ina zaidi ya kilo 300.